Nimejifunza kutazama mbali kwa miezi mitano: nitajuaje kwamba ninachokiona si mawazo yangu mwenyewe?

Mpima wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote kwa heshima.

Mimi ni mpima ardhi, nina miaka 11 kazini, na kwa miezi mitano iliyopita nimekuwa nikijifunza nyumbani ule ustadi ambao kwa Kiswahili naweza kuuita utazamaji wa mbali. Mtu huketi na karatasi na kalamu, huelekeza fikra zake kwenye kitu au mahali asipopajua, kisha huandika na kuchora hisia zinazomjia kabla ya kuoneshwa jibu. Kilichonivuta kwanza ni habari ya Ingo Swann, yule msanii wa New York ambaye mwaka 1973, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko California, alipendekeza kwamba mtazamaji apewe nambari za latitudo na longitudo peke yake, bila jina la mahali, na zimtoshe. Kwa mtu anayeshinda kutwa nzima na nambari za aina hiyo, mtaelewa kwa nini wazo hilo lilinikaa moyoni.

Utaratibu wangu ni huu. Mke wangu hukata picha kwenye kalenda na magazeti ya zamani, hutia moja ndani ya bahasha ya kaki, na huiweka mezani baada ya chakula cha usiku, watoto wakishalala. Mimi hufumba macho dakika chache, kisha huandika, naye huketi upande wa pili wa meza akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Nikimaliza tunafungua bahasha pamoja.

Katika mwezi wa pili lilitokea jambo ambalo sijaweza kulisahau. Niliandika: ukavu, weupe wa maziwa, kitu kinachoning'inia kwa safu, upepo, harufu kama ya kamba mpya. Nikachora mistari mingi ya wima iliyoshikwa juu na mstari mmoja wa mlalo. Bahasha ilipofunguliwa, ndani mlikuwa na picha ya nyuzi za mkonge zilizoanikwa kwenye nyaya shambani. Mke wangu alijiziba mdomo kwa mkono. Mimi usingizi wa usiku ule ulinipaa.

Tangu siku hiyo nimefanya zaidi ya mara 40 na sijapata tena kitu kilicho wazi namna ile. Hupata kipande hapa na kipande pale, maji yakiwa maji, rangi ikiwa rangi, lakini mengi hayafanani kabisa. Nimejaribu pia nambari za latitudo na longitudo, mke wangu akichagua mahali kwenye atlasi, na huko matokeo yamekuwa afadhali kidogo.

Nina maswali mawili. La kwanza: mtu atatofautishaje hisia ya kweli na mawazo anayojitungia mwenyewe? La pili ndilo linalonielemea zaidi. Mwenzangu kazini alisikia habari za mazoezi yangu, na wiki iliyopita ameibiwa pikipiki. Ananisihi nimtazamie ilipo, na tayari ameanza kumtaja kijana mmoja wa jirani yake anayemshuku. Nimemwomba anipe siku chache. Naomba mnishauri kwa uzito unaostahili.

Bi Kalamu, Nairobi

Kaka Mpima, salaam. Nimekuwa katika mazoezi haya kwa miaka minne pamoja na wenzangu watatu, na swali lako la kwanza ndilo tulilokutana nalo sote tulipoanza.

Jibu ambalo Swann alilifikia, na ambalo aliligeuza kuwa mafunzo kwa watazamaji wa jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kwamba kinachomharibia mtazamaji kazi si uhaba wa hisia bali ni haraka ya akili kuipa hisia jina. Hisia huja ndogo na isiyo na umbo: ubaridi, mkwaruzo, kitu kinachopanda. Akili haivumilii kitu kisicho na jina, kwa hiyo papo hapo huchota kumbukumbu iliyo karibu na kuifunika nayo ile hisia. Sisi tumezoea kukiita kitu hicho kifuniko.

Mafunzo yale yana hatua sita, na mpangilio wake wote unalenga kukichelewesha kifuniko. Mwanzoni kabisa mtazamaji akisikia nambari ya lengo huuacha mkono uchore mstari mmoja wa haraka, bila kufikiri, na kusema tu kama unamjia ugumu, ulaini, maji au kitu kilichojengwa. Hatua ya pili ni ya milango ya hisia: rangi, joto, ladha, harufu, sauti, na mguso wa uso wa kitu. Ya tatu ni michoro ya ukubwa na umbo. Mambo ya maana na matumizi ya kitu huachwa hadi baadaye, na katika hatua ya mwisho mtazamaji hufinyanga kwa udongo kile anachodhani amekigusa. Nimeona watu wengi wanaojifunza wenyewe wakiruka moja kwa moja kwenda kwenye maana, na nadhani ndipo wanapopotea.

Kifuniko kikija hakifutwi wala hakipigwi vita. Kiandike upande wa kulia wa karatasi, weka kalamu chini, vuta pumzi, kisha rudi upande wa kushoto pale ulipoishia. Nitakueleza lililonipata mwaka wangu wa kwanza. Niliandika joto kali, kahawia, duara lililotoboka juu, giza ndani, harufu nzito ya kuungua. Hapo akili yangu ikasema "volkano", nami badala ya kuliweka neno hilo pembeni, nikalifuata. Nilijaza ukurasa mzima kwa mlima, moshi na mto wa moto, nikiwa na furaha kubwa. Picha ilikuwa ya tanuri la udongo la kuokea mikate ya mofa. Mistari mitano ya kwanza ilifaa, na ukurasa wote uliofuata ulikuwa wangu mwenyewe.

Sasa itazame tena karatasi yako ya mkonge. Hukuandika "mkonge", wala "shamba". Uliandika ukavu, weupe, safu, upepo, na hata kamba uliitaja kama harufu tu. Kisha zitoe zile karatasi 40 zilizofuata, uhesabu ni ngapi zinaanza na jina la kitu kizima: mnara, soko, meli, kanisa. Ninahisi utakuta nyingi, kwa sababu mtu aliyepata mara moja huanza kuifukuza furaha ile, na jina ndilo linaloileta upesi.

Fanya mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 15 au 20, usizidishe. Ukichoka, unachoandika ni kifuniko juu ya kifuniko.

Mwalimu wa Hesabu, Morogoro

Ndugu Mpima, nimeyasoma maelezo yako mara mbili na nimefurahi kwamba umeeleza utaratibu kabla ya kueleza matokeo. Ni wachache wanaofanya hivyo. Ninakubaliana na Bi Kalamu kuhusu majina, lakini kuna jambo linalotangulia hilo, na ningependa unisikilize hata kama litakuondolea kitu unachokipenda.

Mke wako alikuwa ameketi mbele yako, na alijua kilichomo ndani ya bahasha. Simshutumu hata kidogo. Mtu anayejua jibu huvuta pumzi, huacha kalamu, huinua macho, na wewe uliyeishi naye miaka mingi unamsoma bila kujua kwamba unamsoma. Tena picha anazichagua yeye, kutoka kwenye kalenda zilizotundikwa nyumbani mwenu, naye ni mkazi wa Tanga kama wewe. Picha ya mkonge huko Tanga si jambo la ajabu. Mashamba hayo mnayapita barabarani. Ungekuwa Kigoma, akilini mwako wangekuwapo dagaa walioanikwa mchangani.

Kuhusu nambari za ramani, wewe ni mtu wa mwisho anayepaswa kuzitumia. Nikikuambia digrii 5 kusini na 39 mashariki utaona bandari yako hata kabla sijamaliza kutamka. Nikikupa nambari za katikati ya Pasifiki utaandika maji mengi, na utapata. Watafiti wenyewe waliambiwa hivyo, kwamba mtu anaweza kuwa na tufe zima kichwani, na ndiyo sababu baadaye nambari za kweli ziliachwa na lengo likapewa nambari isiyo na maana yoyote.

Niruhusu nieleze kisa cha tatizo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu kinafanana na meza yako. Mwaka 1974 wanafizikia wawili wa taasisi ile ya Stanford, Russell Targ na Harold Puthoff, walichapisha matokeo yao katika jarida la *Nature*. Mtazamaji wao mashuhuri alikuwa Pat Price, aliyewahi kuwa kamishna wa polisi huko Burbank, California. Alikaa ndani ya chumba huku mtafiti akienda mahali fulani palipochaguliwa kwa bahati nasibu katika eneo la San Francisco, na Price akaeleza alichokihisi kuhusu mahali hapo. Hilo lilifanywa mara tisa. Kisha mwamuzi aliyepewa maelezo yote tisa na orodha ya mahali tisa alitakiwa aoanishe, naye akapatia saba. Ukiisoma habari hiyo bila kujua zaidi, utashikwa na mshangao kama aliojiziba nao mdomo mke wako.

Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, David Marks na Richard Kammann, walijaribu kuyarudia majaribio hayo na hawakupata kitu. Ndipo wakaanza kuuliza maelezo ya Price yalikuwa na nini ndani yake. Waligundua kwamba katika maandishi yale mlibaki maneno ya mazungumzo, kwa mfano kutajwa kwa mahali palipotembelewa jana yake, na kwamba mwamuzi alikuwa amepewa orodha ya mahali kwa mpangilio ule ule wa kutembelewa. Mtu angeweza kuoanisha kwa dalili hizo tu, bila kujali mtazamaji aliona nini, na Marks alilionesha hilo kwa kuoanisha mwenyewe. Waliyachapisha hayo katika *Nature* mwaka 1978. Miaka miwili baadaye Charles Tart, pamoja na Puthoff na Targ, walijibu katika jarida lile lile kwamba wameziondoa dalili, maelezo yakaamuliwa upya, na matokeo bado ni mazuri. Marks hakuridhika, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Ninachotaka ukione ni hiki: hakuna aliyedanganya. Sentensi ya kawaida, ya aina ya "jana tulikwenda mahali pazuri", ilitosha kutia shaka katika kazi ya miaka.

Kwa hiyo ninapendekeza ufanye hivi. Mke wako akusanye picha 100, azipange katika mafungu 20 ya picha tano tano, na katika kila fungu picha zitofautiane sana: mlima, kiatu, mto, mtoto, daraja. Kila picha iwe na nakala mbili. Siku ya zoezi yeye arushe dadu akiwa chumba kingine, na ikitoka sita arushe tena. Nambari iliyotoka ndiyo picha itakayotiwa bahashani. Bahasha iwe nzito, uiweke juu ya karatasi kadhaa, na yeye asiwepo unapoandika wala asikuone hadi umemaliza. Ukimaliza, piga picha karatasi yako uitume kwa mtu wa tatu aliye mbali, ili usiweze kuongeza neno. Mtu huyo awe na nakala za pili za picha zote tano, asijue ni ipi iliyochaguliwa, naye azipange kuanzia inayofanana zaidi na maandishi yako. Nakala za pili ni za lazima, kwa sababu picha iliyoshikwashikwa na kukunjwa ndani ya bahasha hujitambulisha yenyewe.

Kwa bahati peke yake utapatia nne kati ya 20. Ukipata tano au sita usifurahi bado. Ukipata nane au zaidi, jambo hilo hutokea kwa bahati mara tatu hivi katika kila 100, na hapo ndipo utakuwa na sababu ya kuanza upya na mafungu mengine 20 ili uone kama litarudi. Na usifungue bahasha ukiwa mwenye kuhukumu. Mtu anayetazama picha na maandishi yake pamoja ataona mfanano tu; nawe ulivyo stadi wa michoro, utauona hata mahali usipokuwepo.

Mwana wa Kivu, Bukavu

Ndugu Mwalimu, ninakuheshimu, lakini ninaona umeyapima mambo haya kwa bahasha na dadu tu, wakati yapo yaliyotokea nje ya bahasha. Sisi wa Kongo tuna sababu ya kuikumbuka habari moja. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1977 hadi 1981, alieleza hadharani mwaka 1995 kwamba ndege ilianguka katika nchi yetu, ikiitwa Zaire wakati huo, na satelaiti zikashindwa kuiona msituni. Kwa maelezo yake, mwanamke mmoja alizama katika hali kama ya njozi akatoa latitudo na longitudo, kamera zikaelekezwa hapo, na ndege ikawapo. Anayesema hivyo ni rais mzima. Mtu anayeujua msitu wetu anajua kwamba kuotea mahali ndani yake si jambo jepesi.

Mwalimu wa Hesabu, Morogoro

Ndugu yangu wa Kivu, asante. Sina sababu ya kumshuku Carter kwamba alisema alichokiamini. Lakini kisa hicho kilitufikia kwa sababu kilifanikiwa. Ili nikipime ningehitaji kujua ni watu wangapi waliulizwa mahali ilipo ndege ile, ni mahali pangapi palitajwa na pakawa patupu, na wapelelezi walikuwa wanajua nini tayari kuhusu njia yake. Mpima wetu alitujia na mkonge wake, na ni uungwana wake kwamba alitutajia na zile 40.

Hesabu ya jumla ilijaribiwa, mwaka huo huo wa 1995. Wamarekani walikuwa wametumia takribani dola milioni 20 kwa miaka zaidi ya 20, watazamaji wa jeshi wakifanyia kazi katika kambi ya Fort Meade huko Maryland, na jina la mwisho la mpango huo lilikuwa Star Gate. Idara ya ujasusi, CIA, iliomba tathmini, nayo ikafanywa na taasisi iliyowaita wataalamu wawili wenye misimamo tofauti. Jessica Utts, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, alisema matokeo ya maabara hayawezi kuelezwa kwa bahati. Ray Hyman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon, alikiri kwamba takwimu zenyewe si za bahati tupu, lakini akasema ni mapema mno kuita jambo hilo uwezo wa nafsi, hasa kwa kuwa katika majaribio yale aliyehukumu mfanano alikuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti. Walioandika tathmini walihitimisha kwamba taarifa za watazamaji hazikuwahi kuongoza operesheni yoyote ya kijasusi, kwa kuwa zilikuwa za jumla mno na zilihitaji kufasiriwa sana. Mpango ukafungwa.

Wewe na mimi tunaweza kutofautiana tuseme kama Utts au tuseme kama Hyman. Lakini Mpima ana suala la pikipiki ya mtu mikononi mwake, na kuhusu pikipiki wote wawili wangemjibu jambo moja.

Mzee wa Pangani

Mwanangu Mpima, mimi ni jirani yako wa pwani, na nimeyasoma haya yote kwa miwani na kwa subira. Hayo ya dadu nimeyaelewa kiasi. Nimekuja kwa ajili ya swali lako la pili, ambalo naona vijana wameligusa kwa ncha ya kidole.

Sikiliza neno ulilolitumia wewe mwenyewe. Mwenzako amekuomba "umtazamie". Lugha yetu inajua tofauti ya kutazama na kutazamia. Anayetazama anaangalia kilichopo. Mtazamiaji ni yule anayepiga bao na ramli, na anayekwenda kwake huwa ameshajua anachotaka kuambiwa. Jina la mwizi amekuja nalo kifuani, anatafuta mtu wa kumtamkia. Mwenzako ameshakutajia kijana. Hata ukimwambia umeona "ukuta wa bluu na mti", yeye atakwenda kuutafuta ukuta wa bluu kwa kijana yule, na katika mtaa wowote ukuta wa bluu haukosekani.

Unajua tunachokiita ramli chonganishi, na unajua kilichowapata vikongwe huko Kanda ya Ziwa, watu wazima waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mtu mmoja alikuwa amewataja kuwa wachawi. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya damu ya ndugu zetu wenye ualbino. Wengi wa waliotajwa hawakupata hata nafasi ya kuuliza walionwa wapi na kwa macho gani. Sisemi wewe ni mmoja wa hao. Ninasema mlango ni huo huo, na siku utakapotoa jina au mahali kwa mtu mwenye hasira, hutakuwa na uwezo wa kulirudisha.

Kwa imani yangu, elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na mwanadamu akitaka uongofu katika jambo lake huswali istihara, hamtafuti mwizi. Lakini nimelifikiria zoezi lako la bahasha, na sioni kwamba linafanana na bao. Bahasha yako inafunguliwa. Ukikosea inakuambia umekosea, usiku ule ule, mbele ya mkeo. Mpiga ramli hafunguliwi bahasha maisha yake yote. Basi endelea na bahasha zako ikiwa moyo wako umetulia, na mwenzako mwambie aende polisi na nambari ya chesisi.

Bi Kalamu, Nairobi

Mzee, shikamoo, na asante. Kikundi chetu kiliweka sharti hilo tangu mwanzo: hatutazami mtu, hatutazami mali iliyopotea, wala ugonjwa. Lengo linakuwa picha au kitu kilichomo ndani ya sanduku, basi. Tulikuwa na mwenzetu wa tano aliyeona sharti hilo linatubana, akatuacha. Ninaamini tulifanya sawa.

Kaka Mpima, pokea utaratibu wa Mwalimu. Mimi mwenyewe nilifanya miaka miwili nikihukumu karatasi zangu, na nilipomkabidhi mtu mwingine kazi hiyo, nusu ya niliyoyaita mafanikio yaliondoka. Iliniuma. Lakini nusu iliyobaki ninaithamini kwa namna nisiyoweza kuithamini ile ya zamani.

Mpima wa Tanga

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tisa, kwa sababu niliona si vizuri kujibu kabla ya kufanya. Mzee wangu, shikamoo.

Kwanza la pikipiki. Nilimwambia mwenzangu kwamba sina ninachokijua na sitatazama. Alikasirika, akaniambia nina choyo ya kipawa. Tumesalimiana kwa ubaridi tangu siku hiyo, na kijana yule wa jirani bado namwona akipita na baiskeli yake. Nafsi yangu imetulia.

Pili, zile karatasi 40. Bi Kalamu, nilizitoa na kuzihesabu kama ulivyosema. Karatasi 31 zinaanza na jina la kitu kizima. Kabla ya ule usiku wa mkonge nilikuwa nimefanya mara tisa, na kati ya hizo ni mbili tu zilizoanza hivyo. Nilikaa nazo sakafuni muda mrefu.

Tatu, mafungu 20. Mke wangu aliandaa picha 100 kwa uvumilivu ninaomshukuru, akarusha dadu jikoni na mlango umefungwa, na shemeji yangu aliyeko Dodoma akahukumu bila kujua jibu. Nimepatia tano. Mwalimu, najua utasema nini kuhusu tano, na nimeshajiambia mwenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo sikulitarajia, nami naliweka hapa kwa sababu linahusu swali langu la kwanza. Katika zoezi la 13 nilikuwa na uhakika kuliko hata usiku wa mkonge. Mkono ulikwenda wenyewe, niliandika kurasa mbili: maji baridi, mawe yenye utelezi, sauti ya kuanguka, ukungu usoni. Nilikuwa tayari kuapa. Picha ilikuwa ya cherehani. Katika zoezi la nne, kinyume chake, niliandika maneno matano nikiwa nimechoka, nilikuwa nimetoka kupima viwanja Muheza juani tangu asubuhi, na niliandika ili tu nisivunje ratiba: lenye manyoya, la mviringo, la joto, linapumua, la kijivu. Ilikuwa picha ya sungura ndani ya tenga. Shemeji aliiweka ya kwanza bila kusita. Nimepitia zote 20, na siwezi kuona kwamba zile nilizozihisi kwa nguvu zilifaulu zaidi ya zile nilizozifanya kwa uvivu. Kwa miezi yote hii nilikuwa nikiutafuta ule mguso wa uhakika kama alama ya kweli. Je, nimekuwa nikitafuta alama isiyokuwepo?

Mwalimu wa Hesabu, Morogoro

Ndugu Mpima, swali hilo ni bora kuliko ulilokuja nalo, na linaweza kupimwa. Katika mafungu 20 yajayo, ukimaliza kuandika na kabla hujaituma karatasi, andika chini yake nambari moja kutoka 1 hadi 5: moja ikiwa huna uhakika hata kidogo, tano ikiwa uko tayari kuapa. Shemeji yako asiione nambari hiyo, uikunje kabla ya kupiga picha. Mwisho tutapanga karatasi kwa nambari hizo na kutazama kama zile za nne na tano zimefaulu zaidi ya zile za moja na mbili. Hata ukipatia nne tu kati ya 20, safu hiyo itakuwa imeanza kutuambia kitu kuhusu mguso wako. Fungu la sungura na la cherehani yasiingie tena kwenye mchanganyiko, umeshayaona.

Mpima wa Tanga

Nimeelewa, Mwalimu. Mke wangu ameanza kukata picha mpya, na safari hii amekwenda kuomba kalenda kwa majirani. Tunaanza Jumatatu.